Lango Liache Hivyo Hivyo

Hapa Kitengela mtu akifa, siku ya pili au ya tatu jamaa zake wanafika kwetu na picha. Mara nyingi ni ya kitambulisho, ama ni ya harusi ya mtu mwingine, marehemu akiwa amesimama pembeni na sahani ya pilau. Wanataka kijitabu cha mazishi: picha mbele, ratiba ya ibada ndani, nyimbo mbili tatu, na katikati wasifu wa marehemu. Mimi ndiye napiga chapa. Saiba yetu, duka la kompyuta na kuchapa, iko kando ya barabara ya Namanga, kati ya duka la chakula cha kuku na kinyozi, na vumbi linaingia kwa kibodi hata ukiifunika na leso.

Kupiga chapa ni kazi yangu. Kuandika wasifu ilikuwa kazi ya Mwalimu.

Jina lake sitaliandika. Niko na sababu, na nitaisema nikifika kwa koko, nyanya mmoja wa Kimaasai aliyekuja kwetu. Hata hivyo kwetu dukani hakuna aliyemwita kwa jina. Mama Mwende, mwenye duka, alimwita Mwalimu. Kinyozi alimwita Mwalimu, tena huku akificha sigara nyuma, maana alichapwa naye darasa la tano na mgongo haujasahau. Alikuwa amefundisha Kajiado miaka mingi, akastaafu, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuja kwetu kukaa kwa kiti chake. Kiti chenyewe alikileta siku ya kwanza kutoka nyumbani, cha mbao. Alisema kiti cha plastiki kinamfanya mtu aseme uongo. Sikuelewa, na sikuuliza. Kiti bado kiko hapa nyuma yangu. Wateja wakija wengi wanasimama.

Mimi nilifika hapa nikiwa nimemaliza Form Four na gredi ambayo mama yangu huwatajia watu kwa sauti ya chini. Lakini nilikuwa na ndoto, na bado niko nayo, ya kuandika kitabu chenye watu wanaongea hadi msomaji ageuke kuangalia nani ameingia. Kwa hivyo nilipoambiwa nimsaidie mzee na wasifu, nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nimepewa uwanja wa kuandika maneno matamu.

Wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja wa sokoni. Niliandika: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu, aliyempenda Mungu na familia yake." Mwalimu akasoma. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha bila kuitumia.

"Huyu ni nani?"

"Si ni yule mama wa nyanya, Mwalimu."

"Hapana. Huyu ni kila mtu. Tukimzika huyu tutachimba makaburi mpaka Isinya."

Akasogeza kiti chake mbele ya binti wa marehemu, ambaye alikuwa amekaa akikunja na kukunjua risiti. Hakumpa pole. Alikuwa ameshampa mlangoni, na pole ilikuwa mara moja tu. Akamuuliza, "Mama akiwapata mmechelewa kufungua kibanda, alikuwa anasema nini?"

Binti akafikiri. Kisha nikaona uso wake umebadilika, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. "Alikuwa anasema, 'Nyanya zimeamka, nyinyi bado.'"

Mwalimu akaandika hiyo. Kwa mazishi, nilivyoambiwa, pasta aliposoma mstari huo soko lote lilicheka, halafu likalia, na binti akalazimika kushikwa.

Hakuwahi kuuliza marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Ukiuliza hivyo, alisema, watu wanakupa kanisa. Aliuliza alikuwa akisema nini mvua ikinyesha nguo ziko kwa kamba, alimwambia nini mtoto aliyevunja kikombe. Na ukishamjibu, ukishafurahi kwamba umemaliza, alikuwa na swali lingine moja ambalo lilikuwa kama msumari: "Na kabla ya hapo alisema nini?"

Aliamini mtu akikuletea maneno ya mwingine, kwanza anakupa yale yaliyokaushwa vizuri. Yale mabichi ameyaficha nyuma. Kwa hivyo alingoja. Nimemwona akingoja hadi printa ikazima yenyewe. Na mara nyingi mtu alitazama chini, akasema, "Kabla ya hapo alisema..." na hapo ndipo Mwalimu alipoinama na kuandika.

Mjane wa muuza maji alikuja siku moja na mashemeji wawili wenye suti. Mume wake alikuwa akizungusha maji na mkokoteni wa punda huku mitaani kwetu, nyumba ambazo mfereji hutoa hewa tu. Mashemeji walitaka iandikwe kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara. Mwalimu akamgeukia mjane.

"Akifika nyumbani jioni, neno la kwanza?"

"Kwangu?"

"Neno la kwanza."

Mama akaona haya. "Neno la kwanza ni la punda. Anamfungua, anamwambia, 'Pole, mzee.' Halafu anaingia ndani ananiambia, 'Na wewe pia.'"

"Hiyo haiwezi kuandikwa," shemeji mmoja akasema. "Watu watatucheka, mzee. Ndugu yetu ati anasalimia punda kwanza?"

"Watacheka," Mwalimu akasema. "Ndugu yako wewe ni mfanyabiashara. Bwana wa huyu mama ni huyo wa punda. Nani amefiwa zaidi?"

Iliandikwa.

Jioni ya siku hiyo tukifunga, Mwalimu akaniambia maneno ambayo yamenikalia kifuani hadi leo. Alikuwa akifuta miwani kwa pindo la koti. "Wangu utaandika wewe. Na ndani lazima kuwe na sentensi moja niliyoisema kwa mdomo wangu. Moja. Usiniweke maneno ya kitabu."

"Mwalimu, wewe bado uko sana."

"Nimesema utaandika. Sikusema lini."

Nilinunua daftari dogo siku iliyofuata. Kila alichosema kizuri nilikiandika: ile ya makaburi mpaka Isinya, ile ya kiti cha plastiki. Nilikuwa nikicheka peke yangu nikiandika. Mama Mwende akaniona, akaniuliza ni ya nini, nikamwambia. Hakucheka.

"Huyo mzee hana shida ya maneno," akasema. "Shida yake ni nani atasoma. Ako na mtoto mmoja tu, na hawajaongea miaka kumi na kitu. Kijana analima vitunguu huko Kimana. Mama yake alikufa zamani, kijana akiwa mdogo. Walibaki wawili, na hao wawili wakakosana."

"Kwa nini?"

"Yeye huuliza kila mtu alisema nini. Wewe umewahi kumuuliza yeye alisema nini?"

Sikuwahi. Na kuanzia siku hiyo nilijua natafuta sentensi ya nani kwa ajili ya nani, na kwamba niko na muda mfupi kuliko nilivyodhani, kwa sababu mzee alikuwa akikohoa, na mkono wake wa kushoto ulianza kuangusha vitu.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Karatasi ikiharibika alinifanya nitumie mgongo wake. Alichukia methali ndani ya wasifu, alisema methali ni koti la kuazima, lakini yeye mwenyewe akikasirika alimwaga tatu kwa mpigo. Na kulikuwa na vitu alivyovikata bila huruma. Habari yako, nzuri, karibu chai, haya kwaheri, safari njema. "Toa," alisema. "Salamu na kuagana toa. Kila mtu husalimia, kila mtu huaga. Hayo ni mlango tu. Sisi tunataka kilicho ndani ya nyumba." Nikajifunza kuzikata. Nilizikata vizuri sana.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kuongeza. Kuna nyanya mmoja alikuwa amefariki, watoto wake sita wametoka mbali, wanapita tu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la mama yao isipokuwa moja: "Mmekuja kuniona ama mmekuja kula?" Nikaona ni kali. Nikawahurumia. Mwalimu hakuwepo, ilikuwa Alhamisi. Nikaandika mwenyewe kwamba siku zake za mwisho mama alisema, "Nawapenda nyote, kaeni kwa umoja." Walisoma wakalia. Walinikumbatia. Nilienda nyumbani nikielea.

Ijumaa akaona nakala mezani. "Hii nani amesema?"

Nikajifanya napanga karatasi.

"Nimekuuliza, karani. Nani amesema?"

"Ni mimi, Mwalimu. Hawakuwa na kitu."

Hakupaza sauti. Ningependelea apaze. "Walikuwa na kitu. Walikuwa na mama anayewauliza kama wamekuja kumwona. Umewachukulia huyo, umewapa mwingine ambaye hawamjui." Akavaa kofia, na ilikuwa bado asubuhi. Mlangoni akageuka. "Kuchagua ni kazi. Kuongeza ni wizi." Wiki mbili hakunisemesha isipokuwa mambo ya kalamu na karatasi. Nililia chooni, niseme ukweli. Kisha akarudi kuwa yeye, na hakuitaja tena.

Sasa nifike kwa koko.

Alikuja mama mzee wa Kimaasai na mjukuu wake, msichana anayefanya kazi Nairobi. Aliyekufa alikuwa mume wa koko. Mjukuu alitaka jina liwe kubwa, la dhahabu, kila ukurasa. Nikapanga. Halafu, kama kawaida yangu kabla ya kuchapa, nikasoma jina kwa sauti ili wasikie kama nimelikosea. Nikalisoma lote, majina matatu. Nikalisoma tena. Mara ya tatu koko akajifunika masikio na shuka, akainuka, akatoka nje kwa vumbi.

"Nimekosea herufi?" nikauliza.

Msichana alikuwa ameshika mdomo. "Haitwi," akanong'ona. "Mtu akishakufa hatuliiti jina lake. Wazee hawaliiti. Aki mimi mwenyewe nimesahau. Nimekaa mjini sana."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mwalimu akainuka na kiti chake, akakitoa hadi kwenye ngazi, akakaa karibu na koko.

"Takwenya, koko."

"Iko," koko akaitikia salamu bila kumwangalia.

Kimaa chake kilikuwa kibovu, cha Mkamba wa Machakos aliyejifunzia kwa wanafunzi, na nadhani hicho ndicho kilimfanya koko amgeukie. Ng'ombe wa mtu wakapita wakivuka lami, magari yakipiga honi. Mwalimu akauliza mzee alikuwa akisema nini ng'ombe wakifika majini. Koko akajibu kwa Kimaa, na mjukuu, aliyekuwa amesimama nyuma yao akilia, akatafsiri: "Alikuwa anasema, 'Nyamazeni, wanakunywa.'"

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Hata kwa chifu. Siku moja chifu alikuja na wageni kuhutubia pale mtoni. Aliwaambia, 'Nyamazeni, wanakunywa.' Wakanyamaza hadi ng'ombe wakamaliza."

Wasifu ule haukuwa na jina hata mara moja. Ulisema "mwenye boma," na ulijaa maneno yake. Nilimsomea koko polepole, mjukuu akitafsiri. Mwisho koko akagusa karatasi kwa kidole. "Ni yeye," akasema kwa Kiswahili.

Jioni Mwalimu akaniambia, "Mimi si Mmaasai. Lakini hiyo ya jina, hata mimi ningeipenda. Mtu abaki na alichosema." Ndiyo sababu yangu. Nimemaliza.

Nyumbani kwake nilienda mara nyingi kumpelekea kazi ya kukagua. Ni pembezoni mwa mji wa Kajiado, pale nyumba zinapoisha na miiba inaanza. Vyumba viwili, baraza, redio, kabati la vitabu vya mazoezi vya watoto ambao sasa wana wajukuu. Mbele, vitalu vitatu vya sukuma wiki. Na lango la mabati, lenye komeo zuri kabisa, ambalo sikuwahi kulikuta limefungwa. Mbuzi wa majirani waliingia walivyotaka. Sukuma ilikuwa vijiti vitupu.

Hapo sasa sikumwelewa. Mtu anayekemea kwa karatasi moja, anaacha mbuzi wamalize shamba? Na kila nikiondoka, nikinyoosha mkono nifunge, sauti yake ilitoka barazani: "Lango liache hivyo hivyo."

"Mwalimu, kuna mbuzi wawili wako hapa wanangoja nitoke!"

"Wacha wale. Lango liache hivyo hivyo."

Nilicheka nikaenda. Nikajua ni uzee. Kwenye daftari langu, ambalo kufikia hapo lilikuwa na kurasa zaidi ya arobaini za maneno yake, hiyo sikuiandika. Ilikuwa kuagana tu. Na kuagana, nilishafundishwa, toa.

Mwaka jana, mwezi wa mvua ndefu, Mwalimu hakuja Jumatatu. Jumatano hakuja. Ijumaa dada yake akapiga simu kwamba ni kiharusi, upande wa kushoto umelala, na maneno yamebaki vipande. Yeye shangazi amehamia pale kumtunza. Nikamwomba namba ya kijana. Akakataa, kisha akakubali. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya kalenda, na mwandiko ulikuwa wa Mwalimu. Miaka yote alikuwa nayo.

Nilipiga nikiwa nimesimama nje ya duka, mchana, kidole kimoja kikiziba sikio.

"Haloo, nani?" Nyuma yake mashine ya kuvuta maji ilikuwa ikinguruma.

"Mimi nafanya kazi na baba yako. Huku Kitengela."

"Amekufa?"

"Hapana. Ni stroke. Hawezi kuongea vizuri."

"Yeye? Yeye ndiye hawezi kuongea?" Akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Mimi aliniongelesha ya kutosha. Alikuambia aliniambia nini?"

"Hajawahi."

"Nilimwambia naacha chuo cha ualimu, nataka kulima. Alikuwa anasahihisha vitabu. Hata kichwa hakuinua. Akasema, 'Ukitoka, funga lango nyuma yako.' Basi. Hiyo ndiyo kwaheri yangu. Na nilifunga, dada. Mwambie nilifunga vizuri, na mimi si wa kulifungua."

"Ndugu yangu, mzee hana siku nyingi."

"Niko na gari la vitunguu linangoja hapa." Nikasikia akitembea, matope chini ya viatu. Nilidhani ameshakata. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Bado huwasha redio saa kumi na moja asubuhi?"

"Sijui. Nitauliza."

"Ilikuwa inaniamsha," akasema, akakata.

Jumapili nikaenda Kajiado. Na njia nzima nilikuwa nachagua. Nilikuwa na maneno mengi ya kijana na ningeweza kumpelekea mzee yale tu ya mwisho. Kuchagua ni kazi. Sikuwa naongeza hata herufi. Nikajiambia hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha, na sasa inamrudia yeye mwenyewe kwa wema.

Shangazi alikuwa amemweka barazani, blanketi miguuni, uso ukitazama lango. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimezoea kumwona akingoja maneno ya wengine. Sasa alikuwa anangoja yake mwenyewe, na hayakuja. Nilimsalimia nikashindwa kuendelea, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Mwalimu, nimeongea na kijana."

Jicho lake zima likanigeukia.

"Ameuliza kama bado unawasha redio saa kumi na moja asubuhi. Anasema ilikuwa inamwamsha."

Mkono wa kulia ukasogea juu ya blanketi. Nikaona chozi likiteremka upande ule uliokuwa hai, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi nikaona nimefanya vizuri. Shangazi alikuwa anatabasamu mlangoni. Halafu mdomo ukaanza kufanya kazi. Ulihangaika. Shangazi akasogea na kikombe akidhani ni maji.

"Ka," Mwalimu akasema. "Kabla."

Nikajifanya sikusikia.

"Kabla," akasema tena, na akanitazama vile alivyowatazama wote waliokaa mbele ya kile kiti.

Nimewahi kuona wajane wakilikwepa swali hilo, wakainuka wakaenda. Ningeweza pia. Ningeweza kusema kabla ya hapo alikusalimia. Lakini ningempa mtoto mwingine asiyemjua. Nikapiga magoti karibu na kiti ili shangazi asisikie, nikamwambia yote, kwa mpangilio wake: vitabu vya kusahihisha, kichwa kisichoinuka, ukitoka funga lango nyuma yako, nilifunga vizuri, mimi si wa kulifungua.

Hakulia tena. Alifunga jicho, akafungua. Akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu, mahali daftari lilipo.

"Hiyo," akasema.

"Hiyo gani, Mwalimu?"

"La... lango."

"Niandike hiyo? Ndiyo iwe sentensi yako?"

"Hiyo."

"Mwalimu, niko na nyingine nyingi. Niko na nzuri."

Akatikisa kichwa kidogo tu. Nikaiandika mbele yake, 'Ukitoka, funga lango nyuma yako,' nikamwonyesha. Aliisoma muda mrefu, kama anayetafuta kosa. Halikuwepo.

Nilipoaga, shangazi akanisindikiza. "Hilo lango ulivute, mwanangu," akaniambia. "Mbuzi wa hawa watu wamenimaliza. Kaka yangu amewalea vibaya."

Nikashika komeo. Lilikuwa na kutu ya kutotumika. Na barazani, nyuma yetu, tukasikia kiti kikigonga sakafu. Mwalimu alikuwa ameinama mbele hadi blanketi likaanguka, mkono wa kulia umenyooshwa kwetu, mdomo ukipindana.

"Hivyo," akasema. "Hivyo. Hivyo."

Nikasimama pale, mkono kwa chuma. Nikamuuliza shangazi kwa sauti ndogo, "Amekuwa akisema hivi tangu lini?"

"Ya lango? Eeh, tangu kijana aondoke. Kila mtu akitoka. Hata mimi, hata mbeba maji. Mimi nilishazoea."

Sikuweza kurudi barazani. Nilitaka kurudi. Nilimpungia mkono tu, nikaachia komeo, na mbuzi wa kwanza akanipita magotini akiingia.

Alikufa kabla mwezi haujaisha. Wasifu wake niliuandika kwa kiti chake, mara hiyo moja. Nililitoa lile daftari, makaburi na koti la kuazima na yote, nikaliweka kando. Ndani ya kijitabu hakuna jina. Kuna sentensi mbili, moja chini ya nyingine, na zote alizisema kwa mdomo wake. Ya kwanza aliichagua yeye. Ya pili niliichagua mimi. Kijitabu kimoja nilikituma Kimana na lori la vitunguu linalorudi tupu, na siku ya mazishi nililitazama lango kutoka asubuhi hadi watu walipokunja viti. Kijana hakuja.

Baada ya siku tisa simu yangu ikalia. Nilijua ni nani kabla hajasema, kwa sababu ya ile mashine ya maji.

"Nimesoma," akasema. "Hii ya kwanza naijua. Hii ingine, 'Lango liache hivyo hivyo,' alimwambia nani?"

"Kila mtu. Kila aliyetoka kwake."

"Siku gani?"

"Kila siku. Shangazi anasema tangu uondoke."

Nikasikia kurasa za kijitabu zikifunguliwa tena.

"Mbuzi walimaliza sukuma yake yote," nikamwambia. "Hakuwahi kula ya shamba lake."

Mashine ikanguruma. Kisha nikasikia mtu akiizima, na baada ya hapo hapakuwa na sauti yoyote. Hakukata simu. Na mimi sikukata.